Kwa nini kanivali kwenye vitabu huishia na maiti?

#1 MlaKaratasi
Wadau salaam. Mwandishi akishaleta kanivali, ile sherehe ya barabarani kabla ya Kwaresma, kwenye hadithi, anza kuhesabu kurasa: maiti haiko mbali. Ngoma inalia, watu wamevaa vinyago, mtwana anamtukana bwana usoni, mlevi kavishwa taji, halafu mtu anakufa. Edgar Allan Poe, ile ya pipa la Amontillado (1846): mtu anajengewa ukuta akiwa hai. Poe huyohuyo, Kifo Chekundu (1842): ukumbi mzima unakwisha. Emmanuel Le Roy Ladurie na kanivali ya mji wa Romans, Ufaransa: mauaji. Earl Lovelace wa Trinidad, The Dragon Can't Dance (1979): yale yale. Ngũgĩ, Shetani Msalabani: bastola mwishoni. Kwa nini? Na asije mtu hapa na "mwandishi anatufundisha kwamba anasa ni mbaya". Hiyo tuwaachie wasahihishaji wa mitihani.

#2 Tumbo Joto
Nimekaa mkao wa kula. Leteni.

#3 Nukta Mkato
Karatasi, hoja tamu, orodha ina nyufa.

Lovelace hamalizi kwa maiti, anamalizia jela. Aldrick Prospect, yule mshonaji wa vazi la joka pale Calvary Hill, Port of Spain, anajiunga na Fisheye na wenzake, wanateka gari la polisi na askari wawili ndani, wanazunguka nalo mjini siku mbili, kisha wanakamatwa. Aldrick anakula miaka sita. Na siku hizo mbili si za kanivali.

Poe wa 1842 si kanivali. Ni dansi ya vinyago ndani ya ngome: Prospero kajifungia na marafiki 1,000, makomeo yamechomelewa kwa moto asiingie mtu wala kutoka mtu. Kanivali ni ya barabarani. Ukishafunga mlango umeiua mwenyewe kabla ya ugonjwa kuingia.

Le Roy Ladurie ni historia, si hadithi. Umebaki na Amontillado na Ngũgĩ. Viwili.

#4 MlaKaratasi
Lovelace nakubali, nilichanganya. Lakini Le Roy Ladurie kuwa historia kunanipa nguvu, hakuniondolei. Maiti za kweli ni nzito kuliko za wino.

#5 Bi Kurasa
Kwenye Amontillado kanivali ni kifaa cha kazi tu. Isome kama askari mpelelezi. Montresor, muuaji anayesimulia, anahitaji nyumba tupu: anawaambia watumishi kwamba harudi hadi asubuhi na kwamba wasitoke hata mmoja, akijua fika kwamba akigeuza mgongo tu wote watakimbilia sherehe. Anahitaji kupita barabarani asitambulike: amevaa kinyago cha hariri nyeusi, na usiku ule mwenye kinyago hashangazi mtu. Anahitaji mlengwa aliyelewa: Fortunato kalewa tangu mapema, kavaa nguo ya mistari ya mchekeshaji na kofia yenye njuga. Kisha safu 11 za mawe, na mifupa inakaa nusu karne bila kuguswa.

Ondoa kanivali uone kama mpango unasimama. Kesho yake tu kakamatwa. Kwa hiyo jibu langu kwa Karatasi ni la kifundi: mwandishi wa mauaji anahitaji umati, kelele na sura zilizofichwa, na kanivali inampa vyote vitatu bure.

Na angalieni sauti ya mwisho anayotoa Fortunato. Si kilio. Ni njuga za kofia.

#6 Fundi Nadharia
Bi Kurasa yuko sawa kuhusu Poe, ila hilo halielezi kwa nini Rabelais, mwandishi Mfaransa aliyemtangulia kwa miaka 300, ana kanivali kila ukurasa na hakuna anayelia.

Kwa wasiofuatilia: nadharia ya kanivali ni ya Mrusi Mikhail Bakhtin (1895–1975). Aliwasilisha tasnifu yake juu ya François Rabelais mwaka 1940, vita ikaingia, akaitetea mwaka 1946, wakubwa wakabishana, akanyimwa udaktari akapewa shahada ya chini yake. Kitabu kikatoka mwaka 1965. Anachosema ni kwamba kicheko cha kanivali kina ncha mbili: kinaua na kuzaa kwa pigo hilohilo. Mfalme wa mzaha anavikwa taji ili avuliwe, anavuliwa ili avikwe mwingine. Kifo kimo, ila kina mimba.

Baadaye, waandishi wa zama za Poe wakachukua nusu ya kwanza wakaacha ya pili. Kwa Rabelais kinyago ni mchezo wa kugeuka, leo huyu, kesho yule. Kwa Poe kinyago kimekuwa pazia: nyuma yake kuna muuaji, au hakuna kitu kabisa. Jibu langu basi: si kanivali inayoleta maiti, ni kanivali iliyokatwa nusu.

#7 Tumbo Joto
Fundi, Rabelais hana maiti? Gargantua, lile jitu lake, alipopanda minara ya Notre-Dame akawakojolea watu wa Paris, walizama wangapi?

#8 Fundi Nadharia
260,418, bila kuhesabu wanawake na watoto. Umenishika vizuri, lakini umenisaidia pia. Idadi yenyewe ni ya mzaha: nani alihesabu hadi hao 18 wa mwisho? Walionusurika wanapanda kilimani wakihema na kutukana, na Gargantua anashusha kengele za kanisa ili amvalishe farasi wake. Hakuna msiba, hakuna mjane. Kifo cha namna hiyo ni maji tu.

#9 Padri Mstaafu
Mnazunguka mbali wakati jibu liko kwenye kalenda. Kanivali ina mwisho uliopangwa kabla haijaanza. Jumatano ya Majivu mtu anapakwa majivu usoni na kuambiwa: wewe ni mavumbi, na mavumbini utarudi. Mwandishi hahitaji kubuni kifo, anafuata tarehe tu. Siku 40 kabla ya Pasaka, basi.

#10 Nukta Mkato
46, Padri, si 40. Jumapili sita za Kwaresma hazihesabiwi kama siku za kufunga, ila kwenye kalenda zipo. Jumanne ya mwisho ya kanivali ni siku 47 kabla ya Pasaka. Mfano: Pasaka ya 2025 ilikuwa 20 Aprili, rudi nyuma 47, unapata 4 Machi. Anayepanga riwaya yenye tarehe afanye hesabu hii, maana kanivali ikiangukia Mei kitabu kimekufa.

#11 Padri Mstaafu
Nimekubali, 46. Hoja inabaki.

#12 Msomaji wa Limuru Road
Turudi nyumbani. Shetani Msalabani ni kanivali kamili na sioni mtu akiigusa. Pangoni Ilmorog kuna mashindano ya kuchagua wataalamu saba wa wizi na unyang'anyi wa kisasa. Mashindano yana masharti: mshindani apande jukwaani ataje jina, anwani, wake na mahawara, magari, na alivyoanza wizi. Ndaaya wa Kahuria anapanda, nguo duni, anasema yeye huiba kuku na vitu vidogo kwa sababu ya njaa. Anatupwa nje! Mwizi wa kuku anawaaibisha wezi. Huko ndiko kupindua dunia juu chini.

Sasa angalieni miili. Gitutu wa Gataanguru ana tumbo linalokaribia kumwangusha, na mpango wake ni kuuza udongo kwenye vyungu na hewa kwenye makopo. Nditika wa Nguunji anataka kiwanda cha viungo vya ziada, tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili, na kadhalika hadi chini.

Hapa ndipo ninapoachana na Fundi. Kwa Rabelais tumbo kubwa ni la watu wote, ni shibe ya mavuno. Kwa Ngũgĩ tumbo ni la mlaji mmoja, na limejaa wengine. Ukishapindua maana ya tumbo, huwezi kumaliza kwa kicheko. Wariinga, mhusika mkuu wa riwaya, anatoa bastola kwa sababu karamu haikuwa yake.

#13 Bi Kurasa
#12 ndiyo post ya uzi huu.

#14 Kalamu ya Mkaa
Naongezea kwenye #12. Achille Mbembe wa Kamerun alishaliandika hili mwaka 1992: Bakhtin alidhani uchafu, tumbo na mzaha ni silaha ya wanyonge, lakini kwenye dola zetu baada ya uhuru mtawala mwenyewe ndiye mwenye karamu, gwaride, fulana zenye picha yake, na tumbo. Anawaalika watu wacheze, na wanacheza, na wakicheza wanamcheka kimyakimya, na kumcheka hakumwangushi. Wote wako kwenye ngoma moja.

Kwa hiyo swali la Karatasi kwa Afrika ligeuzwe: maiti ya nani, na ngoma kalipia nani?

#15 Mzee wa Valvu
Mnaisifu sana kanivali. Ni kifuniko cha sufuria kinachoinuliwa kidogo mvuke utoke, wali uendelee kuiva. Mwanaanthropolojia Max Gluckman alilieleza kwenye mhadhara wa mwaka 1952 kuhusu sherehe za uasi kusini-mashariki mwa Afrika, Incwala ya Waswazi ikiwemo: watu wanaimba kumchukia mfalme, na ufalme unatoka umeimarika. Mhakiki Terry Eagleton akaja mwaka 1981 akasema kanivali ni jambo lililopewa kibali. Aliyetoa kibali ndiye anayekifuta. Maiti kwenye vitabu ni ya yule aliyesahau kwamba kibali kina muda.

#16 Nukta Mkato
Basi utueleze Romans, 1580. Hapo nani alitoa kibali?

Wadogo wa mji, mafundi na wakulima, wameshachoka na kodi. Februari inaingia, kila upande una "ufalme" wake wa mzaha wenye jina la mnyama: maskini wana kondoo, sungura na jogoo aliyehasiwa, wakubwa wana tai, jogoo mzima na kwale. Kiongozi wa mafundi, Jean Serve aitwaye Paumier, mfanyabiashara wa nguo, anavaa ngozi ya dubu na kukaa kwenye kiti cha diwani kisicho chake. Watu wanacheza barabarani wakitangaza kwamba siku si nyingi nyama ya Mkristo itauzwa kwa ratili. Upande wa matajiri nao unatoa orodha ya bei iliyopinduliwa, vyakula vya fahari kwa bei ya kutupa na uozo kwa bei ya dhahabu. Kabla Jumanne ya mwisho haijapambazuka Paumier ameuawa, na waliopanga ni kundi la hakimu Antoine Guérin.

Kwa hiyo kifuniko hakikushusha mvuke, kilirushwa dari. Ila si maskini walioanza kuua. Matajiri waliusoma mzaha kama tamko la vita, au walijifanya kuusoma hivyo.

#17 Kalamu ya Mkaa
Na usisahau kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu siku hizo yametoka kwenye maelezo yanayotokana na Guérin mwenyewe. Aliyeua ndiye aliyeandika. Lile tangazo la nyama ya watu tunalisikia kwa masikio ya mtu aliyehitaji kisingizio.

#18 Mzee wa Valvu
Hiyo imenigusa kidogo. Naendelea kushikilia valvu yangu, lakini naiwekea nyota.

#19 Mwanachuo Njaa
Shikamooni wakubwa. Nina tasnifu ya shahada ya kwanza, "ukanivali katika riwaya ya Kiswahili". Msimamizi karudisha sura ya pili kaandika "hii ni orodha ya sherehe". Nifanyeje?

#20 Fundi Nadharia
Marahaba. Msimamizi wako anajua kazi. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuhesabu harusi na vilabu vya pombe. Sherehe si ukanivali. Harusi inayowakalisha wageni kwa vyeo, waziri mbele na shangazi wa kijijini nyuma, ni kinyume chake kabisa.

Chukua sehemu ya riwaya, kurasa tatu au nne zinatosha, uiulize maswali haya manne ya Bakhtin:

Ngazi imeanguka? Watu ambao siku za kawaida hawagusani, sasa wanagusana, wanaitana majina ya utani.
Mtu anatenda yaliyofichika ndani yake, yale ambayo cheo chake kinayakataza?
Vitu visivyokaa pamoja vimeunganishwa, kitakatifu na najisi, mwerevu na mpumbavu, mkubwa na kapuku?
Kuna kukufuru, yaani lugha ya ibada au ya sheria kushushwa hadi tumboni na chini yake?

Ukipata "ndiyo" mbili, endelea. Kisha tafuta tendo kuu: nani anavikwa taji na nani anavuliwa. Si lazima liwe taji la kweli, inaweza kuwa kiti, koti, kipaza sauti. Kama hakuna kuvika na kuvua, una mapambo tu. Mwisho angalia jukwaa. Kama kuna watazamaji waliokaa na wachezaji waliosimama, hiyo ni maonyesho. Kwenye kanivali wote wamo ndani.

#21 Bi Kurasa
Mwanachuo, ongeza na hili: usichanganye ukanivali na ubwege. Wanafunzi wengi wanatupa vyote kwenye kapu moja kwa sababu vyote "havieleweki". Ubwege unasema dunia haina maana. Ukanivali unasema maana ipo, ila imesimama kwa kichwa. Mtu wa ubwege anasubiri peke yake, mtu wa kanivali yuko kwenye msukumano.

#22 Mwanachuo Njaa
Asanteni. Na Kezilahabi? Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vurugu tupu, nilitaka kuzitumia.

#23 Kalamu ya Mkaa
Nagona ina ile Ngoma Kuu, kwa hiyo mlango upo. Lakini angalia hali ya hewa ya kitabu: ukimya, upweke, msafiri anayekutana na wanafalsafa. Umati uko wapi? Soko liko wapi? Mimi ningesema Kezilahabi ana vurugu bila kanivali. Ukitaka mzaha wa wafu na walio hai, nenda kwa Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001). Mzimu wa babu unamjia mjukuu wake mkubwa serikalini, na cheo chote kinavuliwa nguo. Uweke karibu na Bobok ya Dostoevsky (1873), ambako maiti makaburini wanaendelea na umbea na kugombania vyeo. Bakhtin aliipenda sana hiyo.

#24 Msomaji wa Limuru Road
Sikubaliani kuhusu Nagona. Umati si lazima uwe wa watu. Mawazo yanaweza kusukumana.

#25 Kalamu ya Mkaa
Mawazo hayatoki jasho, ndugu yangu.

#26 Kipepeo wa Lorenz
Mbona hamjagusa nadharia ya vurugu yenyewe? Edward Lorenz, 1963, kipepeo akipiga mbawa...

#27 Tumbo Joto
Huyu naye kaja na hali ya hewa. Kaka, hiyo ni hesabu ya mifumo inayofuata kanuni kali lakini haitabiriki kwa sababu tofauti ndogo ya mwanzo inakua. Kanivali ni kinyume: inatabirika hadi tarehe, ila kanuni zimelewa.

#28 Mpwani wa Kusini
Mnakwenda Ufaransa na Trinidad, na Makunduchi iko hapa Unguja. Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya Siku ya Mwaka, una kila kitu alichoorodhesha Fundi kwenye #20. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa migomba, zamani kwa bakora. Wanawake wamepamba, wanazunguka wakiimba na kutupiana maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Kibanda cha makuti kinawashwa moto na mtu yumo ndani, anachomoka anakimbilia vichakani, watu wanatazama moshi unaelekea wapi. Kila nyumba lazima ipate mgeni wa kula. Na hakuna maiti, Karatasi. Aliyekuwa motoni anatoka mzima kila mwaka. Hiyo ndiyo ile nusu ya pili ambayo Fundi anasema Poe kaipoteza.

Jambo la mgomba lina maana yake. Shina la mgomba ni maganda yaliyojaa maji: linatoa mlio mkubwa, linavunjika haraka, halivunji mfupa. Ukiona silaha imebadilishwa kutoka bakora hadi mgomba, ujue ugomvi ulibaki na kifo kikatolewa.

#29 Nukta Mkato
Port of Spain nao walipokonywa vifaa, ila kwa amri. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker walijaribu kuzima maandamano ya mienge ya Canboulay, wenye fimbo wakapigana nao. Mwaka 1884 ngoma zikapigwa marufuku, watu wakahamia kwenye mianzi, na baadaye madebe, ndiyo hayo mapipa ya chuma yanayoimba leo. Bila marufuku ile Lovelace asingekuwa na bendi za chuma za kuandika.

#30 Mzee wa Valvu
Mpwani, Makunduchi ndiyo valvu yangu hiyohiyo. Wanapigana, wanakula pamoja, wanarudi shamba. Hakuna kilichopinduka.

#31 Mpwani wa Kusini
Kakisome kitabu cha Jonathon Glassman cha 1995 juu ya Pangani na uasi wake, ndipo urudi. Sherehe za mji ule zilikuwa uwanja wa kugombea heshima, nani achinje ng'ombe wangapi, nani asukumwe nje. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani anakuja kupandisha bendera, na mji umejaa watu kwa Idi ya Mfunguo Tatu. Sasa nawapa hesabu. Mwaka wa Kikogwa ni siku 365 bila siku ya ziada, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya kizungu. Chukulia siku hizi unaangukia 16 hadi 20 Julai. Kutoka 1888 hadi 2024 kuna siku za ziada 33. Zirudishe: 18 hadi 22 Agosti. Idi na Siku ya Mwaka zilikuwa zinapigana vikumbo wiki ileile bendera inapanda. Mzee, kifuniko kiko wapi?

#32 Mzee wa Valvu
Kugongana kwa tarehe si sababu. Kulikuwa na ushuru, forodha, na bendera yenyewe. Hata kalenda ingekuwa tupu wangepigana.

#33 Mpwani wa Kusini
Wangepigana. Ila umati ungetoka wapi siku hiyohiyo?

#34 Padri Mstaafu
Karatasi kauliza kwa nini kanivali huishia na maiti. Kwenye utani wetu wa bara mambo ni kinyume: maiti hutangulia. Mtani anafika msibani kavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anamdai deni. Jeneza likifika makaburini anaruka shimoni, analala chali, hatoki hadi alipwe. Wafiwa wanacheka machozi hayajakauka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Riwaya yetu yenye tukio hilo kwa kirefu, kurasa nzima za shimoni, naisubiri.

#35 Tumbo Joto
Na ikiandikwa, mwandishi akumbuke bei. Mtani hatoki kwa shilingi mia.

#36 MlaKaratasi
Kuna majibu matano humu na hakuna mawili yanayokaa chumba kimoja. #34 imenipindua kabisa. Mpwani, swali moja: kwenye zile 33, mwaka 1900 umeuhesabu kuwa mrefu?

#37 Mpwani wa Kusini
Sikuuhesabu. Ningeuhesabu ingekuwa 34.